Jina la Profesa

Kitengela, 3 Mei 2025

Nelson amekuwa Profesa! Nimeanza na hiyo kwa sababu nikianza na salamu nitapasuka. Profesa, wifi, na koti refu, na miwani, na mvi za kupakwa unga mpaka masikioni. Ungemwona ungesimama umpishe.

Sasa nakusalimu. Supa, Naeku wangu. Supa kwa Yeyo, mama mkwe wangu, mwambie nimeinamisha kichwa anishike. Mimi niko mzima, mashine yangu ya kufuma sweta za shule iko nzima, ni huu mguu wa kushoto tu.

Kabla hujaanza kuwaambia watu wa kanisa kwamba anafundisha chuo kikuu, ngoja. Ni filamu. Kuna vijana wa Rongai, mkubwa wao ni msichana anaitwa Linda, mdogo wa mwili lakini akisema kaa unakaa. Wanatengeneza filamu ya kutisha, ya sayansi, ya mitambo inayogeuka watu. Na nani ndiye mtu mkubwa kwa hiyo filamu? Mtoto wangu. Ni profesa wa kufikiri juu ya redio, televisheni na simu, zinatufanya nini sisi tunaozitazama. Nikamuuliza, "Nelson, hiyo nayo ni kazi?" Akaniambia, "Mama, kuna watu wanalipwa kufikiria hiyo tu, kutoka asubuhi mpaka jioni." Nikamwambia, basi baba yako angekufa tajiri.

Hadithi yenyewe ni hivi. Kuna mji ambao televisheni zinaanza kuongea hata zikiwa zimezimwa, na anayezisikiliza anapoteza sauti yake. Anafungua mdomo, hakuna kitu. Profesa ndiye wa kwanza kujua. Kwa hivyo anaingia hewani kuwaonya watu. Kumbe kila akionya, ile kitu inapita ndani ya onyo lake! Wanaomsikiliza sana ndio wanaopotea kwanza. Nilipoelezwa nilihisi baridi mgongoni, halafu nikajivuna. Si kila mama ana mtoto wa kumaliza mji mzima kwa mdomo.

Wamepiga picha kwa zile nyumba za plastiki za maua, zile zilizofungwa kule nyuma, plastiki zimechanika zinapigapiga upepo. Nilikuwa nawapelekea chapati. Siku ya tatu nikakuta Nelson amesimama mbele ya televisheni kuukuu, ya mgongo mkubwa, mguu mmoja ameukunja juu ya mwingine, na watoto wamekaa chini. Akawaambia, "Nendeni nyuma yake mwangalie. Kuna mtu?" Wifi, nilitoka nje nikajifanya natafuta sufuria.

Unakumbuka? Kitengela ilikuwa maduka machache na vumbi, na barabara ya Namanga ikipita kama haituoni. Baba Nelson akaleta ile televisheni nyeusi na nyeupe kutoka kwa Mhindi aliyekuwa anahama, akaifunga kwa betri ya gari. Watu walijaa mpaka kuku wakakosa pa kulala. Na hakuwasha! Anasimama kwa mguu mmoja, kwanza somo. "Nendeni nyuma, mwangalie kama kuna mtu." Watoto wanaenda, wanarudi, hakuna mtu. "Sasa kama hakuna mtu, mbona mmevaa vizuri?" Wanaume waliokuja kwa mpira wakimpigia kelele, "Wacha somo, fundi, washa!" Na mpira ukiisha anaifunika na shuka, anaiambia ilale vizuri. Wewe ulikuwa umekuja na maziwa, ukakataa kabisa kwenda nyuma yake.

Hayo yote Nelson ameyaweka kwa huyo profesa. Nilikuwa sijui hata kama aliyaona, alikuwa mdogo hivi.

Filamu ikiisha kutengenezwa nataka tuitazame hapa kwangu, na nataka wewe na Yeyo muwe mbele. Tangu mazishi ya Baba Nelson hamjaingia kwa lango langu. Sikulaumu, njia ni ndefu na Yeyo ni mzee. Lakini miaka kumi na miwili, wifi. Siku yenyewe ya kuja nitakuambia.

Msomee Yeyo polepole. Ningepiga simu, lakini najua anavyosema, sauti isiyo na uso haimwingii, anataka karatasi. Hii nampa Parsaoti akipita na gari la maziwa.

Jina la huyo profesa kwa filamu nitakuambia siku nyingine. Karatasi imeisha.

Ni mimi,
Nyakio, Mama Nelson


Nje ya Kajiado, 12 Mei 2025

Kwa Mama Nelson,

Ipa. Salamu zako zimefika, na mkono wa Yeyo uko juu ya kichwa chako. Mvua ilinyesha kidogo, ng'ombe sasa wanasimama wenyewe bila kuinuliwa.

Barua nimemsomea mara tatu. Mara ya kwanza alisema rudia, ya pili akacheka, ya tatu akatoka akaenda kumwambia jirani. Saa hii kila boma mpaka barabarani wanajua kwamba mjukuu wake ni Profesa na ana mvi. Amechagua mbuzi, yule mweupe wa masikio meusi. Anasema Nelson akija ndiye atachinjiwa, na hakuna mtu atamuuza huyo mbuzi hata shule zikifunguliwa.

Aliniuliza anafundisha nini. Nikamwambia anafundisha mambo ya televisheni. Akasema, "Kama baba yake." Halafu akaangalia mlango kwa muda.

Umenikumbusha mbali. Alikuwa akija huku na ule mfuko wa ngozi wa vyuma vyake, anatengeneza redio za wazee, anakunywa chai, anaendelea mpaka Magadi kutengeneza za wafanyakazi wa magadi. Mzee mmoja alimwambia, "Fundi, hii redio iko na adabu mbaya, inanipa habari na hainipi nafasi nijibu." Hakucheka. Alikaa chini akafikiri, akamwambia, "Mzee, huo ndio ugonjwa wake, na mimi siwezi kuutengeneza."

Na nikuambie kitu. Nilienda nyuma ya hiyo televisheni. Nyinyi mlikuwa nje mnasindikiza wageni. Niliangalia. Nikaona vumbi na waya, na nikaogopa zaidi kuliko kama ningeona mtu.

Sasa niambie, huyo profesa anaitwa nani? Karatasi yako ilikuwa na nusu nzima nyeupe chini.

Naeku


Kitengela, 25 Mei 2025

Wifi,

Niko mbioni, Parsaoti ananipigia honi. Jina ni jina tu, la filamu. Wale vijana wamekata kipande kidogo wakakiweka kwa simu ili watu wapate hamu. Mbugua wa hardware ameniambia amekitazama mara nne, na mke wake amefunika televisheni yao kitambaa! Kila nikienda sokoni ni Mama Profesa, Mama Profesa. Natembea polepole ili nisipitwe na mtu yeyote.

Yeyo asihangaike na mbuzi, lakini asimuuze.

Nyakio


Nje ya Kajiado, 9 Juni 2025

Mama Nelson,

Leo sitakusalimu.

Jana nilikuwa sokoni Kajiado. Wasichana wawili walikuwa wameinamia simu karibu na wauza mboga, wanacheka na kuogopa. Nikasikia watu wengi wakipiga kelele ndani ya hiyo simu, wanaita jina. Nilidhani ni masikio yangu. Wakairudisha mwanzo. Wakaliita tena. Jina lake. La ndugu yangu. Jina la kwanza na la ukoo, yote mawili, kama watu wanaotafuta mbuzi aliyepotea.

Nyanya nilizonunua zikanidondoka, nikaacha mtu mwingine aokote.

Unajua vile tunaishi hapa. Tangu tulipomzika hilo jina halijasemwa ndani ya boma hili. Jirani mwenye jina kama hilo tunamwita kwa jina la mtoto wake. Hata wewe, siku ya arobaini, ulipoanza kulisema Yeyo alikuwekea kidole mdomoni, na ulinyamaza. Nilidhani umeelewa.

Nilimpigia Nelson hapo hapo sokoni. Nikamuuliza nani alikupa ruhusa? Akasema, "Ni mimi, Shangazi. Mama hajui chochote." Nikamwambia maneno ambayo sitaandika.

Yeyo anajua. Sikutaka, lakini niliporudi bila nyanya na uso wangu hivi, alinitoa yote kuhusu jina. Amesema Nelson asikanyage hapa mpaka hili jambo liishe. Hakusema kwa hasira. Alisema vile mtu anasema mvua imekataa. Kwenu hatutakuja.

Naeku


Kitengela, 14 Juni 2025

Wifi yangu Naeku,

Nelson amekudanganya. Ni mimi.

Kwa makaratasi ya Linda profesa alikuwa hana jina, alikuwa Profesa tu. Nelson akaniuliza hapa mezani, "Mama, nimpe jina gani?" Na mimi nilikuwa nalo tayari. Alisita. Akaniambia, "Na Kokoo, nyanya yangu?" Nikamwambia filamu si boma, hao hawatazami mambo ya simu. Nilijua ninachofanya. Ndiyo maana karatasi iliisha.

Sasa nisikilize na mimi, hata kama ni kwa hasira.

Mimi nilizaliwa kwa Wakikuyu. Kwetu mtu akienda jina linabaki kazini. Anapewa mtoto, na huyo mtoto anaitwa kutoka asubuhi, anatumwa sukari, anagombezwa, anaitwa aje ale. Mimi ni Nyakio kwa sababu ya nyanya yangu. Nikiitwa sokoni na yeye ameitwa. Nilingoja mjukuu ndiye abebe jina la Baba Nelson. Nelson ana miaka thelathini na mitatu, hana mke, hana haraka, kila msichana nikimtaja anaangalia saa. Nimengoja. Halafu akaja huyu profesa, ako hapo tayari, anasimama kwa mguu mmoja, anasema maneno yake, na hana jina. Wifi, ungefanya nini? Nilimpa.

Unafikiri nilinyamaza kwa sababu nilielewa kile kidole cha Yeyo. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa mgeni na nilikuwa nalia. Hapa kwangu namwita. Nikichemsha chai nikiwa peke yangu namwita, jina la kwanza, kama zamani alipokuwa nje na waya zake na chai inapoa. Hakuna mtu mwingine duniani anaita. Nilikuwa naogopa kwamba siku nikifa mimi litakuwa halijawahi kuwa.

Wakati walikuwa wanapiga hiyo picha nilikuwa nimesimama nyuma ya ndoo za chapati. Mji mzima, watu sitini wa kuokotwa barabarani, wanaliita kwa nguvu zao zote. Na mimi nikaliita nao. Huenda sauti uliyoisikia kwa hiyo simu ni yangu.

Nelson hana makosa. Kama ni kufungiwa lango nifungiwe mimi, nimeshazoea. Lakini yeye ni damu yenu. Alikuwa anatembea na picha ya huyo mbuzi kwa simu yake, aliyopigiwa na Parsaoti huko kwenu. Anawaonyesha watu.

Msomee Yeyo hii yote. Usiruke.

Nyakio


Nje ya Kajiado, 6 Julai 2025

Mama Nelson,

Supa. Leo nakusalimu.

Nilikaa na barua yako wiki mbili kabla ya kuisoma kwa sauti. Na kabla sijaisoma ilinibidi niungame, maana mimi pia nilikuwa naruka. Ile ya kwanza nilimsomea Yeyo nusu. Sikusema filamu, sikusema kutisha. Nilimwacha aamini ni profesa wa kweli kwa sababu alikuwa amefurahi. Nikamwambia hayo. Akasema, "Nilijua. Profesa gani anapakwa unga?" Kumbe Parsaoti alimweleza yote siku ile ile, na bado akaenda kumwambia jirani.

Basi nikasoma yako. Yote. Nilipofika pa chai akaniinulia mkono ningoje. Akachukua tumbaku yake, akanusa, akaweka. Nakuandikia vile tulivyosema.

"Huyu mama anamwita peke yake?"

"Ndiyo, Yeyo."

"Na anaitika?"

"Haitiki."

"Mimi pia haniitiki. Lakini simwachi. Mwambie hivyo. Mimi ndiye nilimzaa nikampa hilo jina, kama ningetaka kulitupa ningelitupa siku ile na maji ya kuoga. Nimelifunga ndani. Wakilipigia kelele watu wasiomjua, ninaona ni kama wanamtoa nje kwenye baridi."

Mama Nelson, sijui kama umewahi kukaa nasi ukaona. Tunamtaja kila siku. Tunasema juu ya redio, ya Magadi, ya ile siku alikimbizwa na nyuki na mfuko wa vyuma. Na tukifika mahali pa jina tunanyamaza. Kila mtu. Watoto ambao hawakumwona wananyamaza, anayekoroga uji anaacha kukoroga. Mdomo wa Yeyo unafunguka kidogo, halafu hakuna kitu, halafu hadithi inaendelea. Kwa hiyo nafasi nimemsikia ndugu yangu zaidi ya vile ningesikia kwa kelele. Hujawahi kuona kwa sababu ukija unakaa siku moja unarudi kwa mashine yako. Na sisi hatukukuambia. Tulikuwekea kidole mdomoni, tukaona inatosha. Hilo ni kosa letu.

Yeyo amesema Nelson aje, mbuzi anazeeka. Wewe pia. Lakini pale jina linapopigiwa kelele yeye hawezi kukaa, na mimi sitamwacha nyumbani nije peke yangu. Hajakuambia ufanye nini. Ameuliza tu kama kweli anasimama kwa mguu mmoja.

Naeku


Kitengela, 17 Agosti 2025

Wifi yangu, dada yangu,

Supa, na umwambie Yeyo anasimama kwa mguu mmoja, wa kushoto, na akichoka habadilishi.

Nimekawia kujibu kwa sababu nilitaka kuwa na jibu. Barua yako Nelson aliisoma hapa mezani, akairudia, akaiweka kwa mfuko wa shati. Asubuhi akasema, "Mama, vaa viatu, twende Rongai."

Linda alikataa kwanza. Simlaumu, ni kazi yake ya miaka miwili. Akasema, "Mama Profesa, hiyo ndiyo sehemu kubwa, bila hiyo sina mwisho." Maana hapo mwisho ndipo wale watu wote wanasimama mbele ya televisheni zilizokufa, wanamwita Profesa kwa jina ili awarudishie sauti. Nikaanza kumwambia mambo ya boma, nikachanganya, nikalia, nikajivuna katikati kidogo, unanijua. Nelson akatoa barua yako. Akamsomea pale tu pa mdomo wa Yeyo unaofunguka na anayekoroga uji anayeacha kukoroga.

Linda akaishika barua akaisoma mwenyewe. Halafu akamwita Maundu, mtu wao wa sauti, mtu mzima mwenye ndevu, akamwambia, "Tujaribu kulitoa hilo jina. Wacha midomo ibaki. Wacha upepo."

Nikamwambia Maundu, kabla hujalitoa nisikie. Akanivalisha vile vya masikioni. Ni mara thelathini na moja. Nikasikia zote, ya Nelson mwenyewe akijitaja hewani, za wale watu, na moja ya mwanamke wa nyuma, nyembamba, imechelewa kuliko zingine. Ilikuwa yangu. Maundu alikuwa anatoa moja moja. Alipofika kwa hiyo akaniangalia, kidole kiko juu. "Mama, hii haisikiki sana. Mtu hawezi kujua. Nikuachie?"

Naeku, nilitaka kusema ndiyo. Ilikuwa mdomoni.

Nikasema toa.

Halafu tukaitazama. Wifi, sina shule ya kueleza. Mji mzima umesimama, midomo wazi, mishipa ya shingo imesimama, wanamwita, na hakuna kitu. Ni plastiki tu zinapigapiga. Maundu mwenyewe, aliyelitoa kwa mkono wake, alisema analisikia. Linda alijikumbatia akasema alikuwa anatafuta mwisho huu tangu mwanzo na hakujua. Kwa hivyo kama filamu inatisha sasa, na inatisha, ni boma lenu limeifanya itishe, na nimemwambia Mbugua hivyo, na mke wa Mbugua, na mtu yeyote ambaye alikuwa amesimama karibu. Kile kipande cha kwa simu wamekiondoa. Kilicho kwa simu za watu siwezi kukifikia, na kwa hilo naomba Yeyo anisamehe kwa mdomo wake mwenyewe nikimwona. Kwa filamu anaitwa Profesa, basi.

Nyumbani bado ninamwita nikichemsha chai. Sijui kama nitaacha. Lakini jana nilijaribu yenu. Nilifungua mdomo, nikangoja, chai ikaendelea kuchemka. Si mbaya. Mnifundishe vizuri mkija.

Maana mnakuja. Mbugua amepaka ukuta wake wote chokaa nyeupe, ule unaoangalia kwangu, hapo ndipo itaonyeshwa. Nelson atakuja kwenu Ijumaa ale mbuzi wake, na asubuhi atarudi na nyinyi. Parsaoti ameosha gari, Yeyo atakaa mbele na dereva, na mtu asimharakishe. Nimeomba viti vya kanisa, cha Yeyo ni kile cha mchungaji, chenye mikono. Waambie majirani wote aliowaambia, waje waone kama nilidanganya. Wale wa ukoo wenu wa Kimuka nimeshawaandikia. Nitakuwa nimesimama langoni tangu saa nane mchana, na miguu yote miwili hata huu mbaya, Jumamosi, tarehe thelathini Agosti.

Nyakio,
Mama Profesa